Barua ya wazi kwa Bunge na Serikali ya Uganda: mgomba ulioko nyuma ya uzio wa Kawanda

Kwa Mheshimiwa Rais, Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya sayansi, kilimo na afya, na Waheshimiwa Wabunge wote,

Salaam.

Naandika kutoka Bombo, wilaya ya Luweero. Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari, na jioni nikitoka kazini ni mkulima wa ndizi. Shamba ni la baba, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa askari, na alipostaafu alipanda migomba kwenye ekari moja na nusu nyuma ya nyumba, akatulea kwa matoke ya hapo. Natumia Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ya kambi tuliyokulia, na Katiba yetu inaitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005.

Ombi langu ni moja: tupeni sheria ya uhandisi jeni. Kama mnaona mimea iliyobadilishwa jeni haitufai, semeni haitufai na mtueleze sababu, ili watafiti wetu washike kazi nyingine. Kama inatufaa, wekeni masharti, hata yakiwa makali, kisha mfungue lango. Kilichotushinda kubeba ni huku kuachwa njia panda, mwaka unaingia mwaka unatoka, huku migomba ikifa.

Nianze na migomba, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mnyauko wa bakteria, huku kwetu tunauita kiwotoka, uligunduliwa nchini mwaka 2001 upande wa Mukono. Kabla ya hapo ulikuwa ukijulikana Ethiopia, ambako wanasayansi waliuandika mwaka 1968 kwenye ensete, ndugu wa mgomba. Shambani kwetu uliingia bila kelele. Asubuhi moja niliona jani la mgomba mmoja limelegea kana kwamba limemwagiwa maji ya moto, ilhali mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nikadhani ni fuko amekula mizizi. Siku chache baadaye mkungu ukaanza kuiva kabla ya wakati wake. Mama alichuma ndizi moja akaipasua: ndani ilikuwa na rangi ya kutu. Tukalikata shina, na tukiwa bado tumesimama pale, ute wa manjano ukaanza kuchuruzika kwenye jeraha, ukajikusanya matone matone kama usaha. Mama akakiweka kisu chini. Ndicho kisu alichokuwa akipogolea majani shamba zima, na ndicho kilichokuwa kikiubeba ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba.

Tulifanya yote tunayofundishwa. Ua dume, ile empumumpu inayoning'inia chini ya mkungu, tulilivunja kwa mti wenye panda badala ya panga, kwa sababu nyuki na wadudu wengine huchukua bakteria kwenye kovu la ua moja na kuwapeleka kwenye jingine. Panga tulilipitisha motoni au tukaliosha kwa Jik kila tulipohama shina. Shina lililougua tulilikata peke yake mapema, tusing'oe tuta zima, yaani mgomba mama pamoja na machipukizi yake. Njia hizi zinafanya kazi, na sitaki mtu anisome vibaya: palipo na kijiji kilichokubaliana kuzifuata kwa pamoja, ugonjwa umerudi nyuma. Lakini zinadai kila mtu, kila siku. Jirani yangu mmoja ni mjane mwenye umri mkubwa, hana nguvu za kuzunguka na ndoo ya dawa. Mwingine anaishi Kampala, shamba lake limeachwa kwa kijana wa kazi. Nilipokwenda kuomba mtaalamu aje azungumze na watu wa eneo letu, niliambiwa bwana shamba ni mmoja, anahudumia eneo kubwa, na pikipiki yake haina mafuta. Simlaumu yeye. Katika misimu mitatu tulipoteza zaidi ya nusu ya mashina ya baba.

Sasa niwaambie kinachoniuma. Kila ninapokwenda Kampala kwa taksi, baada ya Matugga tunapita Kawanda. Pale ndipo kilipo kituo cha utafiti cha NARO, shirika letu la taifa la utafiti wa kilimo, na ndani yake, mwaka 2010, ilipandwa migomba iliyopewa jeni kutoka kwenye pilipili hoho ili istahimili kiwotoka. Kazi hiyo ilifanywa na NARO pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo cha kitropiki, IITA. Watafiti waliidunga mimea ile bakteria kwa makusudi, na baadhi ya koo za migomba hiyo zilisimama bila kuugua, mgomba mama na machipukizi yake pia. Hiyo ni 2010. Mwanafunzi wangu aliyezaliwa mwaka ule sasa ana shamba lake la kurithi, na ugonjwa ni uleule.

Naomba nieleze jambo hili linavyofanyika, maana nimesikia hata watu wazima wenye madaraka wakisema ndizi inachomwa sindano ya kemikali. Chembe hai zinazotumika huoteshwa maabara kutokana na vijiua vichanga vya ua dume, ile empumumpu ninayoivunja kwa mti wenye panda. Kisha hutumika bakteria wa udongoni aitwaye Agrobakteria. Huyu kwa asili yake ana tabia ya kupenyeza kipande cha DNA yake ndani ya mmea. Wanasayansi wanakiondoa kile kipande chenye madhara, wanaweka jeni wanayoitaka, na yeye anaifikisha. Jeni ya pilipili hoho inaifanya chembe ya mgomba imtambue adui haraka: chembe zilizovamiwa hujifia papo hapo, bakteria wanakosa pa kupita. Mmea unajikata kidole ili kuokoa mkono.

Na tusidhani kwamba uhamishaji huu wa jeni ulianzia maabara. Mwaka 2015 wanasayansi walionyesha kwamba viazi vitamu tunavyokula vina vipande vya DNA ya Agrobakteria, vilivyoingia humo zamani sana bila mkono wa mtu. Nilipowaambia wanafunzi wangu habari hiyo, darasa lilinyamaza, kisha msichana mmoja akauliza: basi mbona hakuna anayeviogopa viazi? Nilimjibu kwamba kilichoingia chenyewe kimekaa miaka mingi tukikila, na kilichoingizwa na binadamu jana kinastahili kupimwa kabla hatujakila. Nadhani nilimjibu vizuri. Lakini kupimwa kuna mwanzo na kuna mwisho, na mwisho wake ni uamuzi, ambao ndio tunaousubiri kwenu.

Historia ya sheria yenyewe mnaijua kuliko mimi, ila naiandika ili wasomaji wengine waione. Mwaka uleule wa 2001, kiwotoka ilipobisha hodi Mukono, Uganda iliridhia Itifaki ya Cartagena kuhusu usalama wa viumbe vilivyobadilishwa jeni. Mwaka 2008 ikaja sera ya taifa. Mwaka 2012 ukaandikwa muswada. Bunge la Kumi likaupitisha tarehe 4 Oktoba 2017, na kabla mwaka haujaisha Mheshimiwa Rais akaurudisha. Mwishoni mwa Novemba 2018 Bunge likapitisha muswada mwingine wenye jina jipya na vifungu vikali zaidi, na mwaka 2019 nao ukarudishwa. Hadi leo nchi haina sheria mahsusi juu ya jambo hili. Majaribio yanaruhusiwa kufanyika ndani ya uzio, na kanuni za uzio zinataka mavuno yaharibiwe baada ya kupimwa. Mikungu mizima, Waheshimiwa, inakatwa, inapimwa uzito, inafukiwa. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na sijui kama kuna mahali msemo huo umetimia kwa maana yake halisi kama hapo.

Mheshimiwa Rais, hoja zako za Desemba 2017 nilizisoma kwa makini, na moja naiunga mkono kwa moyo wote. Ulisema kwamba muswada ulimpa haki mtu aliyeongeza kitu kidogo juu ya mbegu, ukamsahau mwananchi aliyeitunza mbegu hiyo vizazi na vizazi. Hilo ni kweli. Matoke hayana mbegu. Kila mgomba ulioko Buganda, Ankole na Bugisu ni chipukizi lililong'olewa ubavuni mwa mama yake, likabebwa na mtu kwenda kwa mtu. Baba alipoanza shamba hakununua hata mche mmoja. Alipewa machipukizi na wazee wa Luweero, Waganda waliomkaribisha yeye Mnubi, na mpaka leo mama anamjua kila mgomba kwa jina la aliyeutoa. Sheria itakayomfanya mama aombe ruhusa ya kampuni ili ampe dada yake chipukizi haiwezi kuwa sheria yetu, na mimi nitakuwa wa kwanza kuipinga.

Lakini hoja hiyo ilistahili kujibiwa kwa kifungu kimoja kilichoandikwa vizuri, wala si kwa muswada mzima kulala. Tena kwa mgomba huu wa kiwotoka kazi ni nyepesi kuliko tunavyodhani. Jeni ile ya pilipili hoho ilipatikana Taiwan, na leseni yake ilitolewa kwa matumizi ya Afrika bila malipo ya mrabaha. Mtafiti ni taasisi yetu ya umma. Andikeni basi kwamba aina yoyote ya ndizi, muhogo au viazi iliyotengenezwa na taasisi ya umma kwa fedha za umma au za wahisani, mkulima ana haki ya kuipanda, kuizalisha, kuigawa na kuiuza chipukizi kwa chipukizi bila kudaiwa na yeyote. Maneno hayo hayajai hata nusu ukurasa.

Hofu nyingine ni ya kuchanganyika, kwamba mimea mipya itazichafua mbegu zetu za asili. Hapa naomba sheria itofautishe, maana mimea haifanani. Matoke ni tasa kwa kiasi kikubwa. Chavua yake haiendi kumzalia jirani. Mahindi ni kinyume chake: upepo ukivuma, chavua ya shamba langu iko kwa jirani kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo mahindi yale ya kustahimili ukame na wadudu yaliyojaribiwa Kasese na Namulonge yanahitaji masharti ya umbali na ya kuwalinda wanaouza mazao ya kilimo hai nje ya nchi, ambao ni wengi na hofu yao ni ya haki. Mgomba hauhitaji masharti hayo. Kifungu kimoja kinachoifunga mimea yote kwa kamba moja kitaumiza mahali na kulegea mahali.

Kuhusu nani alipe hasara ikitokea, muswada wa 2018 ulitaka mwenye teknolojia abebe dhima yote hata kama hakufanya uzembe wowote. Watafiti wetu walilalamika kwamba hakuna taasisi ya umma itakayothubutu kutoa hata mche mmoja. Mimi naona pande zote mbili zina haki. Kampuni kubwa inayouza kwa faida ibebe mzigo mzito. Mtafiti wa umma aliyefuata kila sharti mlilompa abebwe na mfuko wa serikali, na mkulima aliyepata hasara alipwe bila kuzungushwa mahakamani miaka kumi. Hayo ni maoni ya mwalimu tu, mnao wanasheria wa kuyanyoosha.

Ukimya wenu una madhara ambayo pengine hamyaoni kutoka huko juu. Palipokosa neno la serikali, soko limejitungia lake. Nendeni soko lolote hapa Luweero, mtasikia kila kitu kikubwa au kinachokaa siku nyingi bila kuoza kinaitwa GMO, yaani kilichobadilishwa jeni. Nyanya ngumu ni GMO. Kuku wa kizungu ni GMO. Papai lisilo na mbegu ni GMO. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoidhinishwa kwa jina hilo, kwa sababu Uganda haijaidhinisha zao lolote la aina hiyo kwa wakulima. Msimu mmoja mfanyabiashara wa pembejeo aliniuzia mahindi akiniapia kwamba ni "GMO halisi, hayali mdudu". Yalikuwa mahindi ya kawaida yaliyopakwa rangi, tena ya zamani. Kati ya mashimo kumi yaliota matatu. Ningemshtaki kwa sheria gani? Mtu anaweza kulitumia neno hilo kukutisha, na mwingine akalitumia neno hilohilo kukuibia, siku moja, soko moja.

Mipaka nayo haisubiri. Kenya ilipiga marufuku vyakula vya aina hii mwaka 2012, ikaondoa marufuku Oktoba 2022, kisha mambo yakaingia mahakamani. Pamba iliyopewa jeni ya kujikinga na viwavi wakulima wake walianza kuipanda mwaka 2020. Mtu anayeijua Busia anajua kwamba mbegu haiombi viza. Inavuka kwenye kapu la baiskeli chini ya magunia. Tukiendelea kunyamaza, tutaamuliwa na magendo.

Kisha kuna jambo jipya, ambalo miaka ile ya muswada wa kwanza halikuwa mezani. Mnaifahamu gonja, ile ndizi inayochomwa pembeni mwa barabara pale Namawojjolo. Ndani ya DNA ya gonja amejificha kirusi tangu enzi. Mmea ukiwa na raha analala. Ukipatwa na kiu ya ukame anaamka, majani yanachorwa michirizi na mkungu unadumaa. Mwaka 2019 watafiti wa IITA walioko Nairobi walichapisha matokeo ya kazi yao juu ya Gonja Manjaya. Walitumia mkasi wa jeni unaoitwa CRISPR, ule uliowapatia Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel mwaka 2020, wakakikata kile kirusi papo hapo kilipojificha. Robo tatu ya mimea waliyoihariri haikuonyesha dalili hata ilipokoseshwa maji. Hapakuwa na pilipili hoho, wala jeni ya kiumbe kingine iliyokusudiwa kubaki shambani. Lengo lilikuwa kuharibu, si kuongeza. Je, gonja hiyo mbele ya sheria ya Uganda ni sawa na mgomba wa Kawanda? Nigeria ilitoa mwongozo wa uhariri wa jeni mwaka 2020, Kenya mwaka 2022. Swali hilo msilirithishe Bunge lingine tena.

Nimesema mengi juu ya shamba, lakini teknolojia hii iko tayari ndani ya miili yetu. Mzee jirani yetu ana kisukari. Chupa ndogo ya insulini anayoihifadhi kwenye chungu chenye maji, kwa kuwa friji hana, imetengenezwa na viumbe vidogo vilivyopewa jeni ya binadamu. Insulini ya namna hiyo iliruhusiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1982. Watoto wetu wanachanjwa homa ya ini aina ya B tangu mwaka 2002 ndani ya chanjo ya pamoja, na sehemu hiyo hutengenezwa kwa hamira iliyobadilishwa jeni. Hatukuikataa, na tulifanya vyema.

Na kuna selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, siko seli kama tunavyosema. Utafiti wa nchi nzima uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa asilimia 13.3 ya watoto waliopimwa Uganda wanabeba jeni hiyo. Nina mwanafunzi ambaye kila muhula anakosa wiki mbili au tatu. Akirudi, macho ni ya manjano, na huomba daftari la mwenzake bila kulalamika. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya kwanza ya CRISPR kwa ugonjwa huu, na Marekani ikafuata Desemba. Bei yake kule Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Najua kwamba sheria peke yake haitaishusha bei hiyo. Lakini siku tiba hizo zitakapotafuta nchi za kufanyia majaribio na kufundisha madaktari, zitaanza na nchi zenye kanuni zinazoeleweka, na sisi tulioibeba selimundu zaidi ya wengi tutakuwa tumekaa benchi.

Waheshimiwa, muswada mpya ukiandikwa, usikae kwa Kiingereza pekee. Uchapishwe kwa Kiswahili, Luganda, Runyankole-Rukiga, Acholi, Ateso, Lugbara na nyinginezo, usomwe redioni, watu wa viazi wa Kabale na watu wa muhogo wa Lango wausikie kabla haujapigiwa kura. Viazi vya Victoria vilivyopewa jeni tatu kutoka kwa jamaa zake wa porini ili vistahimili ugonjwa wa bakajani vimekwisha kujaribiwa Kachwekano. Mkulima wa kule anayebeba pampu ya dawa mgongoni msimu mzima ana haki ya kuulizwa anavitaka au havitaki. Nami naamini wengine watakataa. Wakikataa baada ya kuelezwa, nitaheshimu, na nitaendelea na mti wangu wenye panda.

Shambani kwa baba yamebaki matuta arobaini na tatu. Jumamosi iliyopita nilikata mawili. Nikiitwa mbele ya kamati yenu nitakuja na kipande cha shina ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, mwone ule ute kwa macho yenu. Kutoka Bombo hadi Kampala ni safari ya taksi moja, na inapita Kawanda.

Wenu,
Mwalimu na mkulima wa ndizi,
Bombo, Luweero